Siku Nne Istanbul: Mji Uliojengwa kwa Mali za Wanawake



Msimu wa harusi ukiingia, maswali tunayoulizwa huwa ni yale yale: rangi ya nguo ya nikaha, mtandio wa kuendana nayo, hina ipakwe lini. Siku hizi limeongezeka moja: fungate twende wapi? Wengi wanataja Istanbul. Ndege zinaruka kutoka hapa hapa Unguja, chakula cha halali hakitafutwi kwa tochi, adhana inasikika kila mtaa, na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili zimetufanya tuujue mji huo hata kabla hatujapanda ndege.

Lakini wengi wanaokwenda kwa siku tatu au nne wanarudi na vitu viwili tu: picha za Msikiti wa Buluu na mabegi ya nguo. Si vibaya. Sisi wenyewe tunaishi kwa nguo na hatuwezi kumlaumu mtu kwa kununua. Tunachosikitikia ni kwamba wanapita mbele ya misikiti, hospitali, mahamamu na masoko yaliyojengwa na wanawake wa Kiislamu, kwa mali zao na kwa majina yao, bila ya kujua. Kwa hiyo leo tunapanga safari fupi, ya kutembea na kula, kwa kufuata nyayo za wanawake hao. Mwisho tutasema kwa nini jambo hili linamhusu bibi harusi anayesubiri mahari yake.

Mji wenyewe kwa ufupi

Mwaka 330 mfalme wa Kirumi Constantine aliufanya mji huu makao yake makuu, ukaitwa Constantinople. Ulibaki mikononi mwa Wakristo wa Rumi ya Mashariki zaidi ya miaka elfu moja. Tarehe 29 Mei 1453 Sultan Mehmed wa Pili, anayeitwa Fatih, yaani Mfunguzi, aliuteka akiwa kijana wa miaka 21. Tokea hapo ukawa mji mkuu wa dola ya Wauthmania mpaka dola hiyo ilipovunjika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo mji mkuu wa Uturuki ni Ankara, lakini Istanbul ndio mkubwa kuliko yote nchini humo, na umekaa nusu Ulaya na nusu Asia, katikati ukipita mlango wa bahari wa Bosphorus.

Sasa tuingie safarini.

Siku ya kwanza: Sultanahmet, na Hürrem tusiyemjua

Anza Ayasofya. Jengo hili lilijengwa kati ya mwaka 532 na 537 likiwa kanisa, likawa msikiti mwaka 1453, likafanywa makumbusho katika miaka ya 1930, na likarudi kuwa msikiti Julai 2020. Anayekwenda kusali anaingia ukumbi wa chini bila ya malipo. Watalii wana mlango wao na tiketi yao ya kutazama kutoka ghorofani. Ukisali hapo rakaa mbili, kisha ukainua macho kwenye kuba lile, utafahamu kwa nini masultani wote waliofuata walitaka kujenga kitu cha kushindana nalo. Ng'ambo ya uwanja uko Msikiti wa Buluu wa Sultan Ahmed, uliojengwa kuanzia mwaka 1609, wenye minara sita.

Kati ya misikiti hiyo miwili kuna jengo refu la makuba ambalo watu wengi hulipita. Ni hamamu ya Hürrem Sultan, iliyojengwa mwaka 1556 na Sinan, mjenzi mkuu wa dola. Upande mmoja wanaume, upande mmoja wanawake, kila upande na mlango wake, na inafanya kazi mpaka leo. Sisi Unguja tunayo Hamamni ya Sayyid Barghash, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu: maji ya moto, mvuke, kusuguliwa mpaka ngozi inakuwa laini. Bibi harusi, ukitaka kujaribu, weka nafasi mapema na uulize bei kabla, maana si rahisi.

Hürrem tunamjua kutoka kwenye tamthilia: mzuri, mjanja, mchochezi. Historia ina zaidi ya hayo. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Ukraine, akatekwa, akauzwa, akaingizwa katika jumba la Sultan akiwa mtumwa. Sultan Suleiman akamwacha huru na akamuoa ndoa ya halali katika miaka ya 1530, jambo ambalo halikuwa desturi ya masultani wa wakati huo. Baada ya hapo Hürrem alianza kujenga. Katika mtaa uliokuwa ukiitwa Soko la Wanawake alijenga msikiti, madrasa, skuli ya watoto, jiko la kulisha masikini na hospitali. Mtaa huo leo unaitwa kwa cheo chake, Haseki, na hospitali ya jina hilo ipo mpaka leo. Mwaka 1552 aliandika wakfu wa jiko jingine la masikini Al-Quds, na chakula kimeendelea kugawiwa hapo mpaka zama zetu.

Mchana nenda jumba la Topkapı, ambalo ujenzi wake ulianza muda mfupi baada ya mji kutekwa. Usiende Jumanne, hufungwa. Nenda kwanza chumba cha vitu vitakatifu, kinapohifadhiwa joho linalonasibishwa na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam. Sehemu ya harem usiiruke. Ndani yake kuna vyumba vya vigae vya buluu na vya mama wa Sultan, aliyeitwa Valide, lakini pia kuna vijumba vyembamba vya wajakazi. Tuseme ukweli: wengi wa wanawake wale waliingia pale kwa kununuliwa. Sisi watu wa visiwani hatuna haki ya kushangaa, kwa sababu majumba ya masultani wetu yalikuwa hivyo hivyo. Mama yake Sayyida Salma binti Said, aliyeandika kumbukumbu za maisha yake zikachapishwa mwaka 1886, alikuwa suria wa Kicirkasi aliyetolewa mbali na kwao tangu utotoni.

Na wewe unayependa mshono, tafuta makaftani ya masultani. Sultan akifariki, nguo zake zilifungwa na kuwekwa hazina, ndiyo maana tunaziona leo. Angalia namna hariri ilivyokatwa pana bila ya kubana mwili. Abaya nyingi za kisasa zinarudia mkato huo huo.

Chakula cha jioni kiwe chepesi: supu ya dengu, mercimek çorbası, na ndimu ya kukamulia juu, mkate wa moto pembeni. Mla urojo hatolalamika.

Siku ya pili: soko la viungo lililolisha msikiti

Panda tramu ya T1 mpaka Eminönü. Asubuhi nunua simit, mkate wa duara uliojaa ufuta, na chai katika bilauri ndogo yenye kiuno. Mbele yako kuna msikiti mkubwa, Yeni Cami, maana yake Msikiti Mpya, ingawa una zaidi ya miaka 350.

Hadithi yake ni ya wanawake wawili. Safiye Sultan, mama yake Mehmed wa Tatu, aliuanza mwaka 1597. Mwanawe alipofariki mwaka 1603, nguvu zake zikakatika na kazi ikasimama. Kuta zikabaki hivyo zaidi ya nusu karne, mpaka alipokuja Turhan Sultan, mama yake Mehmed wa Nne, akaichukua kazi iliyokufa na kuimaliza. Msikiti ulifunguliwa mwaka 1665. Turhan naye alikuwa ameletwa mjini akiwa mtumwa.

Ubavuni mwa msikiti uko Mısır Çarşısı, Soko la Misri, ambalo sisi tungeliita soko la viungo. Watalii wanadhani ni soko tu. Hasha. Lilijengwa liwe sehemu ya wakfu wa msikiti. Kodi za maduka ndizo zilizolipa imamu, muadhini, walimu, wafagiaji na mafuta ya taa. Hapo ndipo inapoonekana akili ya wakfu: unajenga kitu cha ibada, na pembeni yake unajenga kitu cha kuingiza fedha, ili ibada isitegemee hisani ya mtu baada ya wewe kufa. Masharti yote yanaandikwa mbele ya kadhi: mapato yatoke wapi, nani alipwe kiasi gani, nani awe msimamizi.

Wala usidhani kuwa hii ilikuwa kazi ya mabibi wa ikulu peke yao. Daftari la wakfu za Istanbul la mwaka 1546 linaonesha wakfu zaidi ya elfu mbili, na zaidi ya thuluthi moja waliziweka wanawake. Wengi walikuwa watu wa kawaida: huyu ana nyumba, yule ana duka, mwengine ana fedha kidogo. Sheria yetu iliwapa haki ya kumiliki mali zao, mume asiweze kuzigusa, na wao wakaitumia haki hiyo.

Sokoni humo utanusa harufu ya nyumbani: mdalasini, hiliki, karafuu. Turhan alipolijenga, karafuu hazijapandwa bado Unguja, zilikuja kwetu karne ya 19. Nunua kwa uzani, onja kabla, na usione haya kupatana bei. Lokum nunua iliyokatwa mbele yako.

Chakula cha mchana panda mlima mpaka Süleymaniye, msikiti alioujenga Sinan kwa ajili ya Sultan Suleiman kati ya mwaka 1550 na 1557. Nyuma yake, makaburini, Hürrem amelala katika kaburi lake mwenyewe karibu na la mumewe. Alitangulia mwaka 1558, mumewe akafuata mwaka 1566. Wasomee Fatiha. Ukitoka, mkabala na msikiti kuna mstari wa migahawa ya kuru fasulye, maharage meupe yaliyopikwa taratibu kwa siagi na tungule, na wali pembeni. Ni wali na maharage, dada, chakula chetu cha kila siku, lakini utashangaa kinavyoliwa kwa heshima. Wali wenyewe wanauita pilav, nao ni ndugu wa pilau yetu kwa jina, ingawa viungo vyake ni vichache.

Malizia kwa kahawa. Kahawa ilifika Istanbul kutoka Yemen, na nyumba za kahawa za mwanzo zilifunguliwa mjini humo katika miaka ya 1550. Haichujwi, huiva pamoja na unga wake. Iache itulie, na usinywe mpaka chini.

Jioni kama una nguvu, teremka mtaa wa Mahmutpaşa, kati ya Soko Kuu na Eminönü. Huko ndiko Waturuki wenyewe wanakonunua vitu vya harusi kwa bei ya kawaida. Tafuta bindallı, gauni la mahameli lililotariziwa kwa nyuzi za dhahabu, ambalo bibi harusi wa Kituruki huvaa usiku wa hina. Naam, nao wana usiku wa hina. Geuza nguo uangalie upande wa ndani: ukiona nyuzi zinaning'inia na bitana haikushonwa vizuri, rudisha. Soko Kuu lenyewe, lililoanzishwa na Mehmed Fatih ili mapato yake yahudumie Ayasofya, hufungwa Jumapili.

Siku ya tatu: Üsküdar, ng'ambo ya Asia

Kutoka Eminönü chukua boti mpaka Üsküdar. Ni safari fupi, na kwa nauli ndogo unapata mandhari ambayo boti za watalii huyauza ghali. Waweza pia kupita chini ya bahari kwa treni ya Marmaray, iliyofunguliwa mwaka 2013, lakini mtu wa kisiwani ataipenda boti zaidi.

Ukishuka tu, msikiti unaouona ni wa Mihrimah Sultan, binti wa Suleiman na Hürrem, uliokamilika mwaka 1548. Jina lake lina maana ya jua na mwezi. Alijenga mwengine upande wa Ulaya, Edirnekapı, wenye madirisha mengi mno mpaka ndani kunang'aa. Lakini kazi yake inayotugusa zaidi haiko Istanbul. Alitoa mali yake kutengeneza upya mfereji wa Ain Zubayda unaopeleka maji Makkah, ule aliouanzisha Zubayda, mke wa Harun al-Rashid, karne nyingi nyuma. Mwanamke alijenga, mwanamke mwenziwe akaja kukarabati, na mahujaji wakanywa.

Panda kilima uone Atik Valide, msikiti wa Nurbanu Sultan uliokamilika mwaka 1583, wenye ua uliotulia na miti mikubwa. Halafu nenda msikiti mdogo wa Çinili, uliojengwa mwaka 1640 na Kösem Sultan, ukuta wake umevaa vigae kama bibi harusi alivyovaa dhahabu. Kösem alitawala kwa niaba ya wanawe na mjukuu wake, akaishia kuuawa ndani ya jumba mwaka 1651, na mikono yake katika siasa haikuwa safi. Hata hivyo wanahistoria wanamtaja kwa jambo moja: alikuwa akiwalipia madeni wafungwa ili watoke, na akiwatafuta mayatima wa kike masikini na kuwaandalia harusi, nguo na vyombo vya kuanzia nyumba.

Hapo tusimame kidogo. Wangapi kwetu wanachelewa kuolewa kwa sababu nyumbani hakuna wa kununua godoro na nguo?

Chakula cha siku hii kiwe kifungua kinywa cha Kituruki kilichochelewa, kando ya maji: jibini, zeituni, asali, tungule, matango, mayai ya menemen yaliyopikwa kwa tungule na pilipili, chai isiyokwisha. Agiza cha watu wawili, mtashiba wanne.

Siku ya nne: Eyüp, na Laleli kwa macho mapya

Asubuhi nenda Eyüp, kwenye kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari, aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina. Alifariki akiwa na jeshi la Waislamu lililouzingira mji huu katika karne ya 7. Utawaona maharusi wakija kuomba dua wakiwa na nguo zao. Omba Allah peke yake, na umtakie rehema sahaba.

Mchana ndio tunafika Laleli na Aksaray, ambako wafanyabiashara wetu wengi huchukua mzigo. Maduka mengi ya jumla huuza kwa seti ya saizi, si nguo moja moja, kwa hiyo uliza mapema. Hapo Aksaray, karibu na kituo cha tramu, umesimama msikiti wenye madoido mengi uliokamilika mwaka 1871. Ni wa Pertevniyal, mama yake Sultan Abdülaziz. Mama mwengine wa Sultan, Bezmialem, alifungua mwaka 1845 hospitali ya masikini na wageni wasio na jamaa, Gureba, ambayo iliendelea kutibu watu baada yake. Daraja la kwanza la Galata lilijengwa mwaka huo huo, nalo ni kazi yake. Kwa hiyo tunapopita na mabegi yetu mabegani, tunapita katikati ya mali za wanawake. Ingia, sali Adhuhuri, halafu endelea na biashara yako.

Mambo madogo ya kukumbuka

Ulizia viza mapema, kabla ya kulipa hoteli. Nunua Istanbulkart, kadi moja inayotumika kwenye tramu, boti na treni. Chukua viatu vya kutembea, mji una vilima vingi. Januari na Februari kuna baridi kali na huweza kuanguka theluji, beba sweta za maana. Sisi tumezoea Maghribi ya saa kumi na mbili na nusu, lakini huko mwezi Juni jua linazama baada ya saa mbili na nusu usiku na Isha huingia kama saa nne na nusu, basi panga usingizi wako. Nyama karibu yote ni halali, ila baadhi ya migahawa huuza pombe. Uliza kabla ya kukaa. Misikitini tafuta alama ya "kadınlar", ndiyo sehemu ya wanawake.

Kwa nini tumeandika haya kwa bibi harusi

Kwa sababu bibi harusi ndiye mwanamke anayekaribia kushika mali iliyo yake peke yake. Mahari ni yako, si ya baba wala ya mume. Kwetu pia mabibi zetu waliweka wakfu: nyumba za Mji Mkongwe, mashamba ya minazi, ili msikiti upate mafuta na chuo kipate mwalimu. Tumeacha mahali fulani njiani, tukabaki na ukumbi, mapambo na picha.

Wanawake wa Istanbul hawakuwa malaika. Mali nyingi za wale wa ikulu zilitoka kwenye kodi za wanavijiji ambao hawakuulizwa. Lakini walijua kwamba nguo huchakaa, uzuri huisha, na hata mtoto aliye Sultan hufa kabla ya mama yake. Walichokiandika kwa kadhi ndicho kilichobaki, na hiyo ndiyo sadaka yenye kuendelea tuliyofundishwa chuoni.

Hatukwambii ujenge msikiti. Tunakwambia hivi: kabla hujakata tiketi, kaa na mwenzio mtenge fungu dogo la mahari au la bajeti ya harusi. Ungana na mashoga watano au kumi. Cherehani moja kwa chuo cha mabinti ni wakfu. Kisima ni wakfu. Misahafu ni wakfu. Kumshonea yatima nguo ya nikaha ni sadaka aliyoifanya Kösem. Nendeni kwa masheikh wenu na kwa ofisi ya Wakfu muulize taratibu, muandike, msitegemee maneno ya mdomo.

Halafu nenda Istanbul, ule simit, upige picha zako. Utakapofika Eminönü utakuwa unamtazama mtu uliyefanana naye kidogo.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu, mapenzi na rehema, na safari zenye salama. Amin.